Barua Niliyoificha Mchangani

Wacha nianze na ujinga wenyewe, mwanangu, nisije nikaupamba nikifika katikati. Niliandika barua ya uongo, nikaiga mwandiko wa mwalimu wetu wa skauti, nikaificha kwenye mchanga wa mto mkavu, na barua hiyo karibu iniulie ndugu yangu. Basi, umeshajua. Ukitaka kufunga daftari ukacheze mpira, nenda. Ukibaki, kaa vizuri.

Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka sita tu, na sauti yangu bado inapasuka tukiimba kanisani. Lakini wewe unafunga skafu kwa mara ya kwanza Jumamosi hii, mimi naivua nikimaliza darasa la nane, na Mwalimu Nzioka ameagiza kila anayeondoka aandike maneno ya maana kwenye daftari la kikosi kwa ajili ya wanaoingia. Mwenzangu mmoja ameandika ukurasa mzima juu ya kusafisha meno. Sitashindana naye.

Nyumbani nina kopo la biskuti ambalo biskuti zake sikuzila mimi. Ndani nimeweka beji ya mafundo ya kamba, niliyoipata baada ya kushindwa mara tatu. Kuna kijiko cha kambi kilichoungua mpini. Kuna picha ya kikosi kizima mbele ya Bwana DC, magoti yetu yaking'aa kwa mafuta ya kupikia. Na kuna kipande cha kitambaa cha kijani, kimechanika upande mmoja. Ukiniuliza habari za magoti nitakuchekesha mpaka jioni. Ukiniuliza habari za kitambaa, nakumbuka ghafla kwamba natakiwa kuchota maji. Leo mtungi umejaa, kwa hiyo nitasema.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, nami nilikuwa na miaka kumi na mitano. Patroli ya Chui, watoto watano, walikuwa na mtihani wa kufuata njia. Mwalimu Nzioka alitangulia alfajiri kuweka alama: mishale ya mawe, nyasi zilizofungwa fundo, vijiti viwili vilivyopishana kusema usipite hapa. Ukikuta mraba wa vijiti una mshale na namba, ujue barua imefukiwa hatua hizo kuelekea huko. Na sheria ya barua utaijua Jumamosi: skauti akiisoma, anafanya inavyosema. Haulizi, habishani, hatafuti ushauri wa shangazi yake.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa mwisho wa njia nikichemsha chai. Mimi! Kukaa! Nikaacha sufuria kwenye mafiga, nikapita njia ya mkato, nikaugeuza mshale mmoja ukatazama mtoni. Pale mto unapopinda, kingo zikiwa ndefu kuliko mtu mzima, nikapanga mraba wangu na kufukia barua yangu. Ilisema hivi: "Chui, kaeni hapa mpaka msikie filimbi yangu. Huu ni mtihani wa utii. Mtu akiwaita mtoke, msitoke, hata kama mnamjua. Nzioka."

Hayo maneno ya hata kama mnamjua niliyaongeza mwishoni, ili mpita njia asiniharibie mchezo. Niliyaona matamu sana. Niliyasoma mara mbili.

Nikajilaza juu ya ukingo, nyuma ya kichaka. Chui wakaja mmoja mmoja, wakafukua, na kiongozi wao Mutiso, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye sura ya mzee wa baraza, akaisoma kwa sauti. Wakachomeka fimbo yao yenye bendera ya kijani mchangani. Wakaketi juani. Mdogo kuliko wote akateuliwa kuwa mlinzi, akasimama wima, mikono ubavuni, kofia imemfunika masikio. Huyo alikuwa Musyoka, ndugu yangu wa kufuatana. Nilicheka mpaka nikauma mkono wa shati.

Nadhani nusu saa ilipita. Ndipo nikageuka kujinyoosha, nikaona milima ya Kilungu haipo. Mahali pake palikuwa na weusi mtupu, kutoka ardhini mpaka juu.

Mtoto yeyote wa Makueni anajua maana yake. Huku tuliko jua linaweza kuwa kali, usione hata tone, lakini Kilungu ikinyeshewa, mto unashuka. Na mto wetu haujazi polepole kama beseni. Unafika. Chui walilijua hilo vizuri kama mimi, ila chini kule kwenye kona, kati ya zile kingo ndefu, hawakuweza kuiona milima. Niliwachagulia mahali pazuri.

Nikasimama juu ya ukingo. "Tokeni! Mto unakuja!"

Mutiso akainua kichwa, akanitazama, akatabasamu. "Nilijua tu wangekutuma wewe."

"Hakuna aliyenituma! Tokeni!"

"Wiki jana ulisema chifu anakuja kunyoa watu vichwa," mwingine akasema. "Tulijificha chooni saa nzima."

"Huu si mchezo!"

"Hata ile ulisema si mchezo."

"Barua hiyo nimeiandika mimi!"

Wakaangua kicheko, wakashikana mabega. "Huyu leo amejiandaa," Mutiso akawaambia. "Jamani, mtihani ni mgumu. Kazeni."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa mbele ya shule nzima, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kicheko. Kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa limeshatumika. Na filimbi, kitu kimoja ambacho wangekisikia, ilikuwa shingoni mwa mwalimu, ng'ambo ya kilima. Upepo wa baridi ukapita kwenye kona ile, una harufu ya udongo uliolowa. Nyuma yake nikasikia mngurumo, kama lori linalopanda mlima likiwa mbali.

Nikaruka chini. Nikang'oa fimbo yao, bendera na vyote, nikakimbia nayo kuelekea ukingoni. Huwezi kuifanyia patroli jambo baya kuliko hilo. Chui wakalipuka nyuma yangu, wakinitukana kwa Kikamba matusi ambayo watoto wa Sunday school hawapaswi kuyajua. Nikapanda, wakapanda. Nikaitupa fimbo juu ya nyasi na kuwahesabu vichwa. Mmoja, wawili, watatu, wanne.

Musyoka alikuwa bado amesimama mchangani, mikono ubavuni.

"Musyoka! Njoo!"

"Siji. Mimi ndiye mlinzi."

"Huusikii mto?"

Aliusikia. Aliitazama kona, kisha akajikaza wima zaidi. "Kaka," akasema, "tafadhali usinifelishe."

Nilikuwa nimeshafika chini maji yalipotokea kwenye kona. Mbele kulikuwa na povu la kahawia kimo cha goti, limebeba matawi ya miiba na mavi ya ng'ombe, halafu nyuma yake maji yenyewe, yamepanda. Nikamshika Musyoka kwa skafu. Akaniuma mkono. Aliniuma kweli, alama ninayo, maana mpaka dakika ile aliamini natafuta kumwangusha mtihani. Kisha maji yakatupiga miguuni, akaacha kuuma, akanikumbatia shingo.

Hatua sita tu mpaka ukingoni, na sikuweza kuzimaliza. Mchanga ulikuwa unaondoka chini ya nyayo zangu. Mutiso alikuwa amelala kifudifudi juu, wenzake watatu wamemkalia miguu, amenyoosha fimbo kuja kwetu. Nikadaka kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa bendera. Ikachanika. Nikaenda chini, nikameza tope, nikapapasa tena, nikashika fimbo yenyewe.

"Usiachie, mjinga wewe!" Mutiso alipiga kelele huku akilia. "Usiachie!"

Wakatuvuta kama ndama aliyekwama. Tulipolala juu ya nyasi, pale aliposimama mlinzi palikuwa pakipita gogo zima la mgunga.

Mwalimu Nzioka alikuja mbio, ameufuata mngurumo. Mutiso akasimama wima, tope mpaka kwenye nyusi, akasema, "Tulikaa kama barua yako ilivyosema, Mwalimu."

"Barua gani?"

Barua ilikuwa imekwenda na maji. Watoto wanne walinigeukia taratibu, na wa tano alikuwa bado ameng'ang'ania shati langu. Ningeweza kunyamaza. Nasema hivyo ili ujue nililifikiria, tena kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Halafu nikasema, "Ni yangu."

Mwalimu hakunichapa. Alinyoosha mkono, nikavua skafu nikampa. Akasema nitarudishiwa siku Chui wenyewe watakaponiombea. Ilichukua mihula miwili, na Musyoka ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinua mkono.

Sasa nasaha, maana ndizo nilizoambiwa niandike. Chekesha watu, mwanangu. Sijaacha na sina mpango wa kuacha. Lakini alama ya njia usiiguse, hata jiwe moja, kwa sababu anayekuja nyuma ameweka miguu yake mikononi mwako. Usiazime jina la mtu anayeaminiwa ili upate kicheko. Na ukishawadanganya watu mara nyingi, jiandalie njia nyingine ya kuwaokoa, kwa kuwa mdomo wako hautakusaidia. Mimi nilipata bendera ya kuiba. Wewe huenda usipate kitu.

Jioni ile mama alitoka kwenye mwethya, ambako wanawake walikuwa wakisaidiana kuchimba matuta, na jembe lilikuwa bado begani. Habari zilikuwa zimemkuta njiani. Nilimweleza yote tena mwenyewe, mpaka lile neno la hata kama mnamjua. Nilingoja fimbo. Akaweka jembe chini, akamvua Musyoka shati lenye tope, akamtazama mgongo na mbavu, akampa uji. Kisha akanijia, akanishika kidevu kwa mkono wake wenye udongo, na haya ndiyo aliyoyasema, sijaongeza wala kupunguza:

"Usiisingizie barua. Mtoto wangu alisimama kwenye maji kwa sababu aliyemwita atoke ni wewe. Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, akupe ya kutosha, mpaka siku moja uite jina la mtu naye ainuke kabla hajauliza kwa nini. Sasa kaa karibu na ndugu yako, ule."