Sufuria ya Chai Iliyoamsha Pampu

Nilikuwa nasubiri chai kwa mama lishe, kwenye machimbo ya dhahabu karibu na Buseresere, pampu ya kunyonya maji shimoni ilipoanza kunguruma bila kutoa hata tone. Mle shimoni gogo lilikuwa limembana mchimbaji mguu, na mwenzake alihangaika kumnasua.

"Maji yamefika kiunoni!" mwenzake akapiga kelele.

Fundi akafungua kizibo cha pampu. "Imeingia hewa. Tusipoijaza haivuti. Leteni maji!"

Pipa la juu lilikuwa tupu. Mama lishe akaipua sufuria nzima ya chai.

Fundi akasita. "Mama, hii ina maziwa na sukari."

"Na hao wana watoto. Mimina!"

Pampu ikakohoa, ikatema povu jeupe, kisha tope, kisha maji mfululizo. Hatimaye yule mchimbaji alipanda juu akichechemea, akamshika mama mikono yote miwili.

"Wabeja, mayu," alimshukuru kwa Kisukuma, machozi yakimtoka.

"Kaa ujikaushe, baba. Nabandika nyingine."

Wateja tulisubiri bila kunung'unika. Kwa watu wa machimbo, ndugu msomaji, hiyo ni heshima kubwa kuliko saluti.