Upande wa Pili wa Tepu

Watu wakiniuliza kazi ya mjengo Kenya hii inaenda wapi, huwa nawaambia waende wasimame kwa geti ya kampi ya barabara pale Gilgil saa kumi na mbili asubuhi. Barabara inapanuliwa, malori yanaingia na kokoto yakitoka matupu, na nje mafundi wamejaa, kila mtu na mwiko wake kwa begi. Soja wa geti hakuulizi umejenga wapi. Anakuuliza, "Cheti iko wapi?"

Mimi sikuwa nayo. Fundi pia hakuwa nayo. Fundi ni yule mzee alinifunza kushika mwiko, na hilo jina nampatia yeye peke yake. Sisi wengine tunajenga tu. Ukitembea mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, nyumba nyingi za mawe amepitisha mkono. Lakini kusoma michoro nilijifunza mwenyewe, kwa karatasi zimetupwa saiti na video za simu, na nikawa macho yake. Mchoro wa injinia unakuja kwa milimita. Fundi anafikiria kwa futi. Mimi niko katikati, nageuza.

"Hii ni ngapi, kijana?"

"Futi kumi, Fundi."

Tumejenga hivyo miaka saba na hakuna ukuta umewahi kutuaibisha.

Halafu mjengo wa mjini ukapoa. Simenti ilipanda, wenye ploti wakawa wanafika msingi wanasimamisha, nyasi inamea ndani. Kazi yote ilikuwa imehamia barabarani. Tukasikia kuna mtihani ya mafundi wenye hawakuenda shule ya ufundi: unajenga mbele ya mtu, ukipita unapewa cheti. Fundi alikataa kabisa.

"Nipimwe na mtoto?"

"Basi mimi pia Gilgil siendi," nikamwambia. "Tunaenda wawili ama hatuendi."

Alijua mimi nikisema kitu nimesema. Akachukua kofia.

Mtihani ilikuwa kwa uwanja wa shule moja hapa Nakuru. Kila mtu alipewa kona yake: kuta mbili zikutane, kimo kama mchoro unavyosema. Kona yangu ilikuwa kando ya yake. Alipoangalia karatasi akainua kichwa, vile tu huwa tunafanya saiti.

"Kijana, kwenda juu ni ngapi?"

Karatasi ilisema elfu moja mia mbili. Yangu nilikuwa najenga elfu moja mia mbili. Lakini mdomo ulishazoea.

"Futi nne, Fundi."

Mtahini alikuwa kijana wa rika yangu, viatu safi. Alifika kwa kona ya Fundi, akagonga mawe, akaweka timazi, akatingisha kichwa kama mtu amependa. Kisha akavuta tepu.

"Mzee, umezidi milimita kumi na tisa."

"Nimejenga futi nne," Fundi akasema.

"Sikukuuliza futi."

Hapo nikalipuka. Niliacha kona yangu nikamwendea na mwiko mkononi. "Wewe! Hizi nyumba mmepanga hapa Nakuru zilijengwa na nani? Na hiyo tepu yako?"

"Boss, rudi kwa kona yako."

"Sirudi! Kumi na tisa ni nini? Hata plasta inameza!"

"Kwa kalvati, pale maji inapita chini ya barabara, hakuna plasta," akanijibu polepole. "Toka nje. Utarudi mtihani ingine."

Nilitolewa. Kona yangu ilibaki imefika magotini. Nikasimama kwa fensi, na hasira ilipoanza kushuka ndio nikaona kitu kilikuwa chini yake. Hayo makosa yalikuwa yangu. Futi nne si elfu moja mia mbili. Ni karibu. Miaka saba nimekuwa nikimlisha karibu.

Nikaona Fundi ameketi kwa ndoo. Ameshika tepu yake ya siku zote, anaigeuza, anaangalia ukingo wenye hakuwahi kuangalia. Zile milimita zilikuwa hapo wakati wote, upande wa pili wa inchi zake. Kisha akasimama, akaondoa mawe ya mstari wa juu simenti ikiwa bado mbichi, akayachonga moja moja na tindo, akayarudisha. Mtahini akapima tena. Akaandika amepita.

Fundi alitoka akijipangusa vumbi.

"Ulikuwa unamtukana nani pale ndani?"

"Yule mtu."

"Yule mtu alisoma tepu tu." Akanionyesha ile yake. "Mbona hukuniambia kuna upande ingine?"

"Nilikuwa nakusaidia, Fundi."

"Najua. Usinisaidie hivyo tena."

Nilimwambia aende Gilgil bila mimi. Alibisha siku mbili, kwa sababu nilikuwa nimesema tunaenda wawili. Nikamwambia hayo maneno yalikuwa yangu, na mimi ndio nayarudisha. Sasa anajenga kuta za kalvati, na mimi niko Section 58 kwa ukuta wa banda la mtu anafuga kuku, nangoja mtihani irudi. Kazi ya barabara itakuwa hapo miaka, wanasema. Nami nasema itakuwa hapo kwa mwenye atasoma pande zote mbili.

Jumapili alinipigia.

"Jana tumefikisha milimita mia tisa," akasema.

"Futi tatu," nikajibu, kabla sijafikiria.

Akacheka sana. "Toa kumi na nne, kijana."