Wimbo wa Nne wa Albamu ya Pili

Kundi letu la hip hop lilikuwa la watu watatu: mimi, rafiki yangu wa Ngulyati, na mwalimu mmoja wa Tanga aliyepangiwa kazi Bariadi, ambaye alitutengenezea midundo kwenye laptop yake. Hatukuimba mapenzi. Tulichana juu ya kengele za ng'ombe, majembe yanayogongana na mvua kwenye bati. Albamu ya kwanza ilisikilizwa na ndugu zetu, nao kwa huruma.

Ya pili ndiyo iliyotutoa, na ndiyo ninayotamani ningeifuta.

Wazo lilikuwa langu, na nililionea fahari. Kwetu, baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Bagalu na Bagika hushindana kwa matusi yaliyopangwa vizuri. Kiongozi wa huku anamchambua wa kule, na baba yake, na mji wake, mpaka ng'ombe wake. Wa kule anajibu. Watu wanakimbilia kwa aliyechekesha zaidi, na ngoma ikiisha kila mtu anarudi kwake bila kinyongo. Ukoo wetu ni Bagalu, wa rafiki yangu ni Bagika. Nikasema wimbo wa nne tuchanane hivyo hivyo.

Rafiki yangu aliwahi kuniambia, tukiwa tunapiga soga, kwamba mwaka mmoja wa njaa baba yake alimwagia pamba maji ili iongeze uzito kwenye mizani. Mwaka huo tu, basi. Nikalichukua hilo, nikalipangia vina vitamu ambavyo mpaka leo utamu wake unanikera. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanijibu kwa ubeti kuhusu mjomba wangu aliyekimbia harusi yake mwenyewe. Ngoma droo.

Mwalimu peke yake hakucheka.

"Jamani, mzee mwenyewe mmemuuliza?"

"Ticha, haya mambo ya Kisukuma huyawezi," nikamjibu. "Hapa hakuna anayekasirika."

Nilisahau kwamba uwanjani wimbo unaimbwa, unaisha. Huu wetu mafundi simu wa stendi waliuingiza kwenye kila memori kadi, na bodaboda wakaufikisha hadi Nassa na Mkula. Msimu wa pamba ulipofunguliwa, mzee alipeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi cha ushirika, pamba inakopimwa na kununuliwa. Karani akazamisha mkono ndani ya furushi hadi kwenye kiwiko, akatoa pamba ya katikati, akaiminya. Foleni nzima ikaanza kuimba ubeti wangu. Pamba ilikuwa kavu.

Msimu uliofuata ikawa vilevile. Baada ya hapo mzee aliacha kulima pamba, akabaki na mahindi. Rafiki yangu hakunigombeza hata siku moja. Aliacha tu kuja kurekodi, akahamia Mwanza, na kundi likafia hapo.

Mwaka huu nimekwenda Ngulyati. Imenichukua miaka, na sababu ni woga, sina nyingine. Nilimkuta mzee uani anapukuchua mahindi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," akaitikia, akanisogezea kigoda.

Niliomba msamaha. Kisha, naona aibu kuliandika hili, nikajitetea kidogo: kwamba mimi ni Bagalu, kwamba ulikuwa utani wa ngoma tu.

"Utani wa ngoma naujua," akasema. "Nimewaongoza Bagika kabla hujazaliwa. Babu yako nimemtukana mpaka akatokwa machozi kwa kucheka." Akamaliza gunzi alilokuwa nalo, akachukua lingine. "Lakini babu yako alinijibu. Na kijana wangu ulimpa ubeti wake akakujibu. Wangu uko wapi?"

Nikatoa simu haraka, nikawasha kurekodi, nikaishika mbele yake kwa mikono miwili. Akaitazama, akatikisa kichwa.

"Sauti imeshaniisha, mwanangu. Ungekuja wakati ule."