Mama Subiri na Toleo Jipya

Wauzaji wengi wa programu za kompyuta huingia dukani na mkoba na tabasamu, wakatoka na sahihi ya mteja kabla chai haijapoa. Mama Subiri aliingia na kigoda. Kilikuwa kigoda cha plastiki cha kukunja, bluu iliyopauka, na alikibeba kwapani bila haya yoyote. Alikifungua nyuma ya kaunta, pembeni asikomzuia mtu, akakaa, akatazama. Asubuhi nzima kazi yake ilikuwa kutazama mikono ya anayeuza: inabonyeza nini, inakwama wapi, inarudia nini. Akimaliza ndipo husema moja kati ya mawili: "Lipia toleo jipya, litakufaa," au "Subiri kwanza." Hilo la pili alilisema mno, hata wenzake ofisini wakambatiza jina, na jina likamganda.

Kampuni yao ilitengeneza programu ya maduka, ya kutunza hesabu ya mali na kutoa risiti, na haikuchoka kutoa matoleo mapya ya kulipia. Kazi ya Mama Subiri ilikuwa kuwahamisha wateja kutoka la zamani kwenda jipya.

"Dada, wewe umeajiriwa na sisi au na wateja?" meneja alimuuliza siku moja mbele za watu.

"Na nyinyi, bosi. Ndiyo maana sitaki wateja wenu wakimbie."

Watu wakacheka, meneja naye akacheka kwa shingo upande. Alijua vizuri kuwa wateja wengi waling'ang'ania kampuni kwa sababu ya yule mama na kigoda chake, ila kulisema kwa mdomo wake, thubutu.

Tusimpambe kupita kiasi. Ulimi wake ulikuwa mkali, na chai ya wateja aliinywa kama ya kwao. Lakini hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukimuuliza kama toleo jipya lina thamani ya pesa zake, alikurudishia swali: "Thamani kwa nani?" Alimhimiza mwenye duka la dawa alipe siku ileile, kwa kuwa toleo jipya lilimwonya mapema dawa zinazokaribia kuharibika, na yeye alikuwa akizitupa kwa maboksi. Muuza vitambaa aliyevutiwa na rangi mpya za skrini, Mama Subiri alimkatalia kabisa. "Hilo pambo, mama. Pambo usilipie."

Ndipo zikaja habari za duka la spea.

Mwenye duka aliitwa Babu Beringi, mzee aliyeuza vipuri vya magari tangu ujana wake. Presha ya macho ilikuwa imemla uoni, akabaki kuiona dunia kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Asubuhi aliyofika Mama Subiri, kaunta ilishikwa na mkwewe, mke wa mwanawe, mwanamke mwepesi wa mikono. Wateja walimjia na vyuma vilivyovunjika, hawajui hata majina yake, naye akahangaika kukisia. Toleo jipya lilikuwa na picha za spea. Ilipofika saa sita Mama Subiri alikunja kigoda chake, kama kawaida yake, akasema kwa moyo mweupe, "Lipieni." Babu Beringi akalipa, kwa kumwamini yeye.

Wiki chache baadaye alipita tena mtaa ule, alasiri. Akamkuta mzee ameketi kwenye benchi nje ya duka lake mwenyewe, mlango umefungwa, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, Babu. Mbona huku nje?"

"Marahaba, mwanangu. Huku kuna hewa."

Mkwe aliporudi kutoka kuwachukua watoto shule, alimvuta Mama Subiri pembeni akamweleza. Asubuhi kaunta ilikuwa yake yeye. Alasiri ilikuwa ya Babu, miaka yote. Programu ya zamani ilikuwa ya kubonyeza vitufe vya kibodi tu, hiki cha kutafuta, hiki cha kuongeza, hiki cha risiti, na vidole vya mzee vilivijua kama vinavyojua vifungo vya shati. Toleo jipya lilivinyima vitufe hivyo kazi, likaleta kipanya na vijipicha vya kubofya, na kipanya kinataka macho. Babu alimpa mteja risiti isiyo yake, mteja akamwita kipofu mbele za watu. Tangu hapo hakuigusa tena kompyuta.

"Mume wangu anasema sasa baba akae nyumbani moja kwa moja," mkwe alisema, machozi yanamlenga. "Dada, Baba tukimweka nyumbani atatufia."

Aibu ilimshika Mama Subiri mpaka masikio yakamwaka. Aliwacheka maisha yake yote wauzaji wasiokaa wakatazama. Yeye alikaa, akaondoka saa sita, na mwenye duka alikuwa hajaingia kazini.

Alikwenda ofisini moja kwa moja. Fundi wa programu, binti mpole, alimwambia mbele ya meneja kuwa toleo la zamani haliwezi kurudi. Kurudi ni kupoteza hesabu zote za tangu siku ile.

"Na vitufe?"

"Vitufe vimo kwenye mpango, mama. Toleo lijalo."

"La kulipia?"

Binti akamtazama meneja. Meneja akasafisha koo. "Kitakuwa kitu kipya, dada. Vitu vipya vinalipiwa."

Hapo Mama Subiri akachemka. "Kipya kwa nani? Mzee alikuwa navyo! Mmemnyang'anya, halafu mimi nikamuuzie tena? Mimi siwauzii watu vitu vyao wenyewe." Akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akakiweka mezani. "Mtafuteni mwingine wa kuviuza."

Hakuwa akitania, na kazi nyingine hakuwa nayo. Binti ndiye aliyesimama kwanza, akachukua kigoda kilichoegemea ukuta. "Mama, nipeleke nikamuone."

Dukani binti alikaa kwenye kigoda, Mama Subiri akasimama. Wakamwita Babu ndani, wakamwekea mbele yake kibodi isiyounganishwa na kitu. "Babu, nionyeshe ulivyokuwa ukibonyeza," binti alimwomba. Mzee akasita, kisha vidole vikatembea vyenyewe, naye akitaja kwa sauti: "Tafuta. Beringi ya mbele. Ongeza. Risiti." Akarudia. Binti alitazama mikono ile, akafuta macho kwa kiganja, akamwomba aanze tena taratibu.

Binti alimsimulia meneja alichokiona, na vitufe vikarudi mwezi huohuo, kwa wateja wote, bure. Meneja alimrudishia Mama Subiri kitambulisho chake mkononi. "Ulisema kweli, dada," akasema. "Ila hicho kigoda usikifungue ofisini kwangu."

Siku ya kuvijaribu, Mama Subiri alifika asubuhi. Alimtazama mkwe akiwaonyesha wateja picha za spea, mambo yakienda vizuri. Saa sita ilipofika mkwe akachukua funguo zake kwenda shule, na Mama Subiri, kwa mazoea, akainuka akakikunja kigoda.

Babu Beringi alikuwa akiingia, mkono mmoja umeshika ukingo wa kaunta. Alisikia plastiki ikilia. Akakaa kwenye kiti chake, akapapasa kibodi mpaka vidole vikapata mahali pake.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Kaa chini, mwanangu. Mwenye duka ndiyo kwanza anaingia."

Mama Subiri akakifungua tena kigoda, akakaa mpaka jioni.