Siku Askofu Aliposomewa Kituo

Kaka yangu ni mchungaji wa Wamethodisti, na kwa miaka minane alikuwa askofu. Nasema mapema ili baadaye msije mkasema najisifu kichinichini. Najisifu waziwazi, tangu sasa.

Alianza kuhubiri akiwa fundi bomba. Akiitwa kuzibua sinki la mtu, haondoki mpaka awaombee wote waliomo jikoni. Mama yetu akamchoka. "Mwanangu, shika moja," alimwambia, "bomba au Biblia." Akashika Biblia, ila spana hakuitupa, maana kila nyumba ya mchungaji aliyohamia aliikuta inavuja mahali.

Na kuhama alihama kweli. Kwa Wamethodisti wale, mchungaji hajichagulii kituo. Siku ya mwisho ya mkutano mkuu wa mwaka, askofu husimama na orodha ambayo wachungaji hawajaiona. Anasoma jina na kituo. Mwenye jina anasimama, anasema, "Nimepokea," anaketi. Basi. Umepanda mboga, watoto wameshazoea shule, wewe funga virago. Wifi yangu alihama mara tisa na kabati lilelile la vyombo, mpaka likabaki na miguu mitatu na tofali.

Kaka alipochaguliwa askofu, msomaji akawa yeye. Mwaka wa kwanza alipofika kwenye kituo alichotoka, kwa mazoea ya miaka ishirini akajibu mwenyewe kwenye kipaza sauti, "Nimepokea." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka akavua miwani.

Lakini kazi ile ilimletea lawama pia. Aliwahi kumpeleka mchungaji mmoja msomi bondeni, kwenye makanisa saba madogo ambako barabara inaisha kabla hujafika. Yule bwana alikwenda, akakaa miaka minne, na miwili kati ya hiyo hakumpa kaka hata salamu.

Sasa, muhula wa kaka ulipokwisha, nani akachaguliwa askofu? Huyohuyo msomi wa bondeni. Maaskofu wote wa kabla walitoka kwenye kiti wakiwa wazee, wakaenda kupumzika. Kaka alikuwa bado na miaka mitatu ya kazi, na haikuwahi kutokea askofu akarudi kwenye orodha. Wakubwa wa kanisa wakamtafutia ofisi makao makuu, wakaiita ya mshauri. Nilikwenda kwake kumsihi.

"Kaka, chukua hiyo ofisi. Huyo bwana ana kinyongo na wewe."

"Nimewasimamisha watu miaka minane, mdogo wangu. Zamu yangu ikifika nijifiche?"

"Watu watasema umeshushwa."

"Waache waseme. Niliowatuma nao walisemwa."

Nilitoka pale nimenuna. Ukweli ni kwamba niliona haya kwa niaba yake, na kidogo kwa niaba yangu.

Siku ya orodha niliketi nyuma kabisa, bega kwa bega na wifi. Kaka alikuwa safu ya sita, katikati ya wachungaji wenzake, na suti yake ya kijivu. Askofu mpya akasoma, majina yakaenda, yakaenda, lake halimo. Likawa la mwisho. Askofu akalisoma: bondeni, makanisa saba.

Watu wakaguna. Wajumbe wawili wakanyoosha mikono kupinga, na mimi mwenyewe damu ilinichemka. Kaka akasimama. Akafunga kifungo cha koti bila haraka.

"Nimepokea," akasema, akaketi. Mikono ile miwili ikashuka.

Watu walipotoka nilimvizia askofu mpya mlangoni. Nilikuwa na maneno makali, nimeyapanga vizuri. Akanitangulia.

"Najua unavyonifikiria, mama. Mwaka huu karibu kila mchungaji alikuja kwangu kwa siri kuniomba nisimpeleke bondeni. Kaka yako hakuja. Nimekaa kule, najua wanastahili mtu wa namna gani."

Nikampisha, nikatoka. Nje, kaka alikuwa amezungukwa na wachungaji waliotaka kumshika mkono, wengi wao hawawezi kumtazama usoni, na yeye anawauliza nani anaijua njia ya bondeni. Nikalia mbele za watu, mimi nisiyelia ovyo, kwa kujivuna tu kwamba nimezaliwa tumbo moja na mtu yule.