Sauti ya Mtangaza Vifo

Mwimbaji mkubwa akija Uvira, tamasha huanza mchana, ili watu wawe wamefika nyumbani kabla ya giza. Kabla yake husimama mchekeshaji. Kazi yake ni kuwachangamsha watu wakati mafundi wanahangaika na nyaya, na mwimbaji bado amekaa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mimi ni mmoja wa wachekeshaji hao, ingawa nyumbani sisemi sana. Shule niliishia ya msingi, na mbele ya wageni hutazama miguu yangu. Jukwaani nasema kwa sauti za watu wengine, basi siogopi.

Sauti iliyofanya nijulikane ilikuwa ya mzee wa mtaani kwetu aliyetembea na megafoni. Chanjo, mbuzi aliyepotea, maji yatakayokatika, yote aliyatangaza yeye. Lakini zaidi alitangaza vifo. Aligonga megafoni kwa kidole, akakohoa, kisha akasema, "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha..." Watu walizima redio na wamama waliacha kutwanga majani ya sombe, mpaka jina litajwe. Mimi nilimwiga hivyohivyo, na penye jina nikamtaja jogoo wa jirani. Watu walishika mbavu. Mzee mwenyewe alicheka.

Msimu wa mvua uliopita alikufa. Matanga yalikuwa hayajaondolewa wakati mratibu wa tamasha aliponiita nimtangulie mwimbaji aliyetoka Kinshasa. Nilimwambia sauti ile nisingeitumia. Alinitazama kama anayetazama kiti kibovu.

"Njo ile tulikuitia, weye. Ukiiacha, minye niko na mwingine. Watu wakicheka leo, unaenda na sisi mpaka Baraka, mpaka Kalemie."

Sikuwa na sauti nyingine ya kufikia ile. Nilipanda jukwaani.

Niligonga mikro kwa kidole. Nikakohoa. Kicheko kidogo kilianza pembeni, kikakatika. Kutoka juu niliwaona wote wakigeuza sikio, kama watu wanaosikiliza nyuma ya ukuta. Kijana aliyekuwa anatafuna karanga aliacha mdomo wazi. Nikasema, "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha..." Vipaza sauti viliipeleka sauti mpaka milimani, na milima ikairudisha imechelewa. Iliporudi haikuwa yangu. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa kifua chake, ambao sikuwahi kuuweza.

Nilimtafuta jogoo mdomoni, sikumpata. Watu walikuwa wanangoja. Mama mmoja wa mbele alinitikisia kichwa polepole, akiniomba kwa macho. Nikaelewa. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake: mmoja yuko ziwani, mmoja Bijombo na ng'ombe, mmoja amelazwa Lemera. Na jina lolote ambalo ningetaja kwa sauti ile, wangeliamini.

Nikataja langu. La ubatizo, na la baba.

Uwanja wote ukacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile; kilikuwa cha watu walionusurika. Mwimbaji akaingia humohumo. Baadaye mratibu alinipiga bega, akasema gari litanipitia asubuhi, na huko Baraka niseme vilevile, na jina lilelile.

Nilipanda mtaani jua likizama. Mlangoni kwetu kulikuwa na viatu vingi. Wamama wa jirani walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, mama yangu katikati yao, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani. Wote walijua mzee amekufa. Wawili kati yao ndio waliopika kwenye msiba wake. Lakini sauti yake ilikuwa imepita juu ya mabati, ikanitaja.

Hakuna aliyenikimbilia. Mama alinyoosha mkono, akanishika usoni, halafu shingoni.

"Sema kitu," aliniambia. "Sema na sauti yako."

"Njo minye, mama."

Alifikiri. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena, na wamama wakanitazama mdomo, wala hakuna aliyeanza kukunja mkeka.

Asubuhi gari lilipiga honi nje ya ua wa parsele yetu. Mama alikuwa amenishika shati. Lilipiga mara ya pili, kisha nikalisikia likishuka kuelekea barabara kubwa.