Kujifunza Gia kwa Baba Mkwe

Macho ya baba mkwe yalipoharibika na daktari akamkataza kuendesha, nyumba nzima ilianza kumzungumzia mnunuzi mmoja wa Marani aliyelitaka lori letu. Nikasema lisiuzwe, nitaliendesha mimi. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, na yeye mwenyewe akipanda lori hutapika. Mzee hakucheka. Alisema tu kwamba mtu akilipandisha mlima wa Manga na mzigo bila kulizima, lori litabaki nyumbani.

Mtu! Neno hilo lilinitesa. Kwetu Abagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawakaribiani ovyo, na maneno makali hayapiti kati yao. Chinsoni, ndivyo tunavyoiita heshima hiyo. Sasa wewe jaribu kujifunza gia ndani yake. Mzee alijibana mlangoni, mikono mapajani, akiongea na kioo cha mbele: "Mtu akisikia injini inaanza kulia hivyo, hubadilisha."

Kulia vipi? Lori lile lililia tangu tulipoliwasha. Leseni nilikuwa nayo, lakini lori la shule ya udereva lilikuwa jipya na gia zake laini. Hili letu ni zee na lina kiburi: ukanyage klachi, utoe gia, uachie klachi, uguse mafuta kidogo, ukanyage klachi tena, ndipo gia nyingine ikubali kuingia. Ukichelewa, vyuma vinakwaruzana mpaka watu sokoni wanageuka. Ukiwahi, vivyo hivyo.

"Bado," mzee alikuwa akisema. Kisha, kabla sijaielewa hiyo bado: "Imepita."

Imepita saa ngapi, jamani? Nilitaka anishike mkono tu, ausukume wakati unaofaa, kama mwalimu yeyote angefanya. Kila jioni nilishuka bega likiniuma na hasira zimenikaba, na siwezi kumfokea. Nilimfokea mume wangu.

Siku ya mzigo ikafika. Mhindi tunayembebea saruji mjini Kisii alisimama mlangoni pa duka lake, akanitazama nikipanda, akamuuliza mzee kama ana hakika. Mzee akasema twende. Mpaka chini ya Manga nilikuwa najikaza vizuri tu.

Kwenye kona kali lori likaanza kuchoka. Nikasikiliza. Nikadhani nimesikia, nikatoa gia, nikatafuta ya chini yake, ikakataa. Nikasukuma, ikakwaruza. Mwendo ukazidi kuisha, na nilijua kwamba tukisimama pale, breki zile hazitauweza mzigo ule. Nyuma yetu kulikuwa na bonde. Nikaganda.

Mkono wa mzee ukatua juu ya wangu. "Mafuta," alisema. Akaushikilia mkono wangu pale, akangoja, nami nikahisi mtetemo wa gia ukitulia kiganjani. Hapo hapo akasukuma. Ikaingia bila kelele, lori likajikokota, tukapanda.

Kumbe ndiyo hiyo. Mambo yaliyonishinda kusikia kwa masikio niliyajua kwa kiganja, mara moja, na sijayasahau.

Mzee alirudisha mkono mapajani, akageukia dirisha. Tulipofika juu aliniomba nisimame. Akashuka, akaita boda boda, akarudi nyumbani, akaniacha peke yangu na saruji ya watu. Nililia pale usukanini, na si kwa furaha. Nilikuwa nimekasirika sana. Kama angenishika siku ya kwanza, nisingekaribia kutuua sote wawili.

Jioni mama mkwe aliniambia mzee amesema lori haliuzwi. Mzee mwenyewe hajapanda tena nikiwa ndani. Hata mvua ikimnyeshea barabarani, nikisimama hunipungia mkono niendelee. Basi naendelea. Mlima unapoanza nashusha gia, inaingia kimya, na kwenye kioo cha pembeni namwona bado amesimama kwenye mvua, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.